Steringi Hafi: Pushpa, Wakata Miti wa Seshachalam na Umati wa Hyderabad

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anaifahamu kanuni moja ya sinema isiyoandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kuning'inizwa kichwa chini, lakini atasimama tena, na dijei anayeisimulia filamu kwa Kiswahili atatutuliza mapema kwamba tusiwe na wasiwasi. Wanaokufa ni wengine. Wanakufa wengi, kwa haraka, bila majina, na hakuna mtazamaji anayewahesabu.

Makala haya yanawahusu hao wengine. Nimeyaandika baada ya kufuatilia kwa muda namna filamu moja ya Kitelugu, kutoka kusini mwa India, ilivyopokewa na watu wake, na namna mapokezi hayo yalivyomgharimu mama mmoja uhai wake kabla hajaiona filamu yenyewe. Filamu hiyo ni *Pushpa 2: The Rule*, iliyoongozwa na Sukumar na kuchezwa na Allu Arjun, ikaingia kwenye majumba ya sinema tarehe 5 Desemba 2024. Ni mwendelezo wa *Pushpa: The Rise* ya Desemba 2021.

Kwa msomaji ambaye hakuziona, kisa ni hiki. Pushpa Raj ni kijana maskini wa wilaya ya Chittoor, jimbo la Andhra Pradesh. Mama yake hakuolewa rasmi na baba yake, na baba alipofariki ndugu wa kambo wakamnyima jina la ukoo. Anaanza kama kibarua wa kukata misandali myekundu, mti ambao kuuvuna na kuuza bila kibali ni kosa la jinai. Kwa ujanja, ngumi na kiburi anapanda ngazi hadi kuwa bwana mkubwa wa magendo hayo. Katika sehemu ya pili tayari ni tajiri. Mkewe anamwomba jambo dogo: apige picha pamoja na Waziri Kiongozi wa jimbo. Waziri Kiongozi anakataa kupigwa picha na mtu wa magendo. Basi Pushpa anaamua kumwondoa madarakani na kumweka mwingine ambaye hatakataa. Saa tatu na dakika ishirini za damu, mashoka, meno na moto zinatokana na picha hiyo moja.

Ushabiki wake ulivuka mipaka ya Watelugu. Tarehe 17 Novemba 2024, dondoo za filamu zilipozinduliwa katika uwanja wa Gandhi Maidan mjini Patna, mbali kabisa na nchi ya Watelugu, umati ulifurika hadi watu wakapanda minara na polisi wakatumia virungu kuwarudisha nyuma. Filamu ilipotoka, toleo lake la Kihindi liliingiza fedha nyingi kuliko la Kitelugu chenyewe, na watengenezaji walitangaza mapato ya jumla ya zaidi ya rupia bilioni 17 duniani kote. Wahakiki walimsifu mwigizaji, wakalalamikia urefu wa hadithi na udhaifu wa mwisho wake. Watazamaji hawakuyajali malalamiko hayo. Filamu ilipoongezewa dakika ishirini nyingine Januari 2025, watu walirudi kuitazama upya.

Mjadala uliofuata ulikuwa ule tuliouzoea: je, filamu za namna hii zinawaharibu vijana? Hoja zipo. Januari 2022, baada ya sehemu ya kwanza, polisi wa Delhi waliwakamata vijana wadogo watatu kwa kosa la kuua, wakasema vijana hao walivutiwa na filamu za uhalifu, *Pushpa* ikiwa mojawapo. Agosti 2024, Pawan Kalyan, nyota wa sinema ambaye sasa ni Naibu Waziri Kiongozi wa Andhra Pradesh na waziri mwenye dhamana ya misitu, alisema mjini Bengaluru kwamba miaka arobaini iliyopita shujaa wa sinema alikuwa anaulinda msitu, na leo shujaa ndiye anayeukata na kuusafirisha kwa magendo. Hakutaja filamu, lakini kwa kuwa yeye na Allu Arjun wanaunganishwa na undugu wa ndoa, wengi waliyapokea maneno hayo kama kijembe. Wengine walihoji viwango vya ukaguzi. Mei 2025 filamu nyingine ya mwendelezo ya Kitelugu, *HIT: The Third Case*, ilipewa cheti cha watu wazima peke yao kwa sababu ya ukatili wake, *Pushpa 2* ilikuwa imepewa cheti kinachowaruhusu watoto kuingia wakiwa na wazazi.

Siupuuzi mjadala huo. Lakini unaliacha pembeni swali ambalo kwa mtu wa historia ndilo la kwanza: umati ule uliona nini ndani ya Pushpa hata ukampenda kiasi kile? Watu hawamshangilii mhalifu kwa sababu ni mhalifu. Wanamshangilia kwa sababu anasema jambo ambalo wao wamelibeba kifuani muda mrefu bila kupata pa kulisemea. Jambo hilo, katika nchi ya Watelugu, lina jina na lina tarehe.

Jina lake ni heshima. Watelugu ndio waliokuwa wa kwanza katika India huru kudai na kupata jimbo kwa misingi ya lugha yao. Desemba 1952 Potti Sriramulu alifariki baada ya kufunga kula akidai jimbo hilo. Ghasia zikazuka, serikali ya Delhi ikasalimu amri, na tarehe 1 Oktoba 1953 jimbo la Andhra likazaliwa. Mwaka 1956 likaunganishwa na maeneo ya Kitelugu ya Hyderabad likawa Andhra Pradesh. Kwa hiyo siasa za watu hawa zilianza na mtu aliyekubali kufa ili lugha yake iheshimiwe.

Miaka thelathini baadaye likaja tukio dogo lenye matokeo makubwa. Februari 1982, katika uwanja wa ndege wa Begumpet mjini Hyderabad, Rajiv Gandhi, wakati huo mbunge na mtoto wa Waziri Mkuu, alikasirishwa na shamrashamra za kumpokea, akamkaripia hadharani Waziri Kiongozi wa jimbo, T. Anjaiah. Mzee mzima alidhalilishwa mbele ya watu wake. Magazeti ya Kitelugu yalilishikilia jambo hilo. Tarehe 29 Machi mwaka huohuo, N. T. Rama Rao, mwigizaji aliyekuwa amecheza nafasi ya mungu Krishna katika filamu nyingi, *Mayabazar* ya 1957 ikiwamo, alianzisha chama cha Telugu Desam kwa wito wa heshima ya Watelugu. Alilizunguka jimbo juu ya gari lililogeuzwa kuwa jukwaa, akilala barabarani na kula na wanakijiji. Januari 1983, miezi tisa tu na siku chache tangu chama kuundwa, alikuwa Waziri Kiongozi.

Sasa turudi kwenye filamu. Mtu anadhalilishwa hadharani na mkubwa. Na kwa udhalilishaji huo mmoja serikali nzima inabadilishwa. Mtazamaji wa Mumbai anaweza kuicheka hadithi ya mtu anayepindua utawala kwa sababu ya picha. Mtazamaji wa Kitelugu mwenye umri wa kutosha amewahi kuona serikali ikianguka kwa sababu ya karipio la uwanja wa ndege. Wala si lazima Sukumar awe alikusudia ulinganifu huo. Kumbukumbu za jamii hupita kwenye hadithi zake bila kuomba ruhusa ya mwandishi.

Kutoka kwa Rama Rao ndiko kulikotoka pia aina ya ushabiki tunaouona leo. Vyama vya mashabiki vilikuwepo hata kabla yake, lakini ushindi wa 1983 uliwafundisha kwamba kelele za ukumbini zinaweza kugeuka kura. Baada yake akaja Chiranjeevi, ambaye mashabiki wake walijipanga wilaya kwa wilaya, wakachangia damu, wakabandika mabango marefu kuliko nyumba na kuyamwagia maziwa kama yanavyomwagiwa masanamu ya hekaluni. Naye mwaka 2008 alianzisha chama chake cha siasa, ingawa hakikufika mbali. Mtafiti S. V. Srinivas, aliyeandika kitabu juu ya Chiranjeevi na mashabiki wake, anatuonyesha kwamba shabiki hapokei tu anachopewa. Anadai. Nyota akifanya kisichoendana na matarajio, mashabiki humwasi. Allu Arjun anatoka katika ukoo huohuo: babu yake, Allu Ramalingaiah, alikuwa mchekeshaji mashuhuri, na Chiranjeevi ni mume wa shangazi yake. Ndiyo kusema kwamba mtu aliyecheza kibarua asiye na jina la ukoo ana moja ya majina makubwa ya ukoo katika sinema yote ya India. Mwaka 2023 alitangazwa kuwa mwigizaji bora wa kiume katika tuzo za taifa, wa kwanza kutoka sinema ya Kitelugu kuipata tuzo hiyo, na aliipata kwa kumwigiza kibarua huyo.

Ukatili nao una historia yake. Mwaka 1989 Ram Gopal Varma alitoa *Siva*, filamu ya wanafunzi na magenge ambayo kijana alichomoa mnyororo wa baiskeli na kuufanya silaha. Tangu hapo mapigano ya sinema ya Kitelugu hayakuwa mchezo wa kuigiza tena. Mwaka 1999 *Samarasimha Reddy* ikafungua mlango wa filamu za visasi vya koo za Rayalaseema, eneo kame la kusini ambako uhasama wa wakubwa wa vijiji, wenye mabomu ya kienyeji na mapanga, ulikuwa jambo la kweli. Mwaka 2010 Varma huyohuyo alitengeneza *Rakta Charitra* kwa sehemu mbili, juu ya maisha ya mwanasiasa Paritala Ravi, aliyeuawa kwa risasi mjini Anantapur Januari 2005. Tarehe 3 Januari 2011, mwezi mmoja tu baada ya sehemu ya pili kutoka, hasimu wake mkubwa, ambaye naye alisawiriwa katika filamu hiyo, akauawa mjini Hyderabad. Wenyeji wa Rayalaseema walilalamika kwa miaka kwamba sinema imewafanya waonekane washenzi mbele ya nchi nzima. Na milima ya Seshachalam, ambako hadithi ya Pushpa inatendeka, imo katika Rayalaseema hiyohiyo.

Tuuangalie basi mti wenyewe. Msandali mwekundu, ambao wataalamu wa mimea huuita *Pterocarpus santalinus*, kiasili huota porini katika eneo dogo tu la dunia: milima ya kusini mwa Andhra Pradesh na pembezoni mwake. Hukua polepole sana, na moyo wa shina lake ni mwekundu wa damu. China ya wafalme wa zamani iliutengenezea samani za kasri, na matajiri wa leo bado wanazitafuta. Japani imeutumia kutengenezea ala za muziki za nyuzi. Tangu 1995 biashara yake imo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Thamani inayotisha, mti usiopatikana kwingine, katazo la serikali na vijiji maskini kando ya msitu: vitu hivyo vinne vikikutana mahali pamoja, magendo hayahitaji mwaliko.

Lakini nani hasa anaukata? Matajiri wa biashara hii hawashiki shoka. Kwa miaka mingi wakataji wamekuwa wakiletwa kutoka jimbo jirani la Tamil Nadu, hasa vijiji vya milimani vya wilaya kama Tiruvannamalai, ambako kazi ni adimu na ustadi wa shoka ni urithi. Wakala hufika kijijini, hutoa malipo ya awali, huwasafirisha kwa basi au lori, na usiku huwaingiza msituni. Wengi hawajui mwenye mali ni nani. Msitu ule ulikuwa uwanja wa vita hata kabla ya filamu. Desemba 2013 maofisa wawili wa misitu waliuawa na wakataji huko, na serikali ikaunda kikosi maalumu cha kupambana na magendo hayo.

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2015 kikosi hicho kiliwapiga risasi na kuwaua watu 20 katika msitu wa Seshachalam, karibu na Chandragiri. Wote walikuwa wa Tamil Nadu. Serikali ilisema askari walijihami baada ya kushambuliwa kwa mawe na mashoka. Watetezi wa haki za binadamu waliikataa kauli hiyo. Wakajitokeza watu waliosema kwamba walikuwa safarini pamoja na baadhi ya marehemu, na kwamba wenzao waliteremshwa kutoka kwenye basi siku iliyotangulia. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliingilia kati. Miaka sita baadaye, sehemu ya kwanza ya *Pushpa* ikatoka, na msitu uleule ukawa mahali ambapo kibarua mmoja anawashinda polisi wote.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba filamu inawadharau vibarua. Ingekuwa hivyo wasingeipenda. Katika sehemu ya kwanza kuna mandhari ambapo Pushpa anakemewa kwa kukaa akiwa amekunja nne mbele ya mwajiri, naye anaona bora aiache kazi kuliko kuushusha mguu. Kila aliyewahi kuamriwa asimame mkubwa anapopita ameielewa mandhari hiyo bila mkalimani. Katika sehemu ya pili, vibarua wake wanapokamatwa, Pushpa haendi kupigana. Anafika kituoni na kuwalipa askari mishahara ya maisha yao yote ili waache kazi, kisha anaondoka na watu wake. Ukumbi unalipuka kwa vifijo. Naelewa kwa nini. Hapo filamu inawapa maskini kitu ambacho mwaka 2015 hakikutokea: bwana mkubwa wa magendo anayekuja kuwachukua watu wake. Wale 20 hawakuwa na wa kuwajia. Waliokuja ni ndugu zao, nao walikuja kuchukua maiti.

Hapa ndipo ninapoona dosari ambayo mjadala wa ukatili na vijana hauigusi. Filamu inachukua uchungu wa wengi na kuulipa kwa mmoja. Pushpa anapata utajiri, anapata picha yake, anamchagua Waziri Kiongozi wake, na mwishoni, kwenye harusi ya binti wa kaka yake, ndugu wa kambo wanamkubali na kumpa jina la ukoo alilonyimwa utotoni. Yaani uasi wote ule, na damu yote ile, unaishia kwa mtu kukaribishwa ndani ya nyumba iliyokuwa imemfungia mlango. Nyumba haikubadilika. Bado kuna wenye jina na wasio na jina, na vibarua wangali msituni usiku, isipokuwa sasa wanamkatia tajiri aliyewahi kuwa mwenzao. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Filamu inatuomba tuamini kwamba huyu mmoja, kwa kuwa aliwahi kulala na njaa, hatasahau.

Kipande kilichosifiwa kuliko vyote ni kile cha jatara, ambapo Pushpa, amejipaka rangi ya buluu na kuvaa sari, anacheza mbele ya mungu wa kike Gangamma. Hilo halikubuniwa na watengenezaji. Kila mwaka mjini Tirupati hufanyika sherehe ya Gangamma, na wanaume huvaa mavazi ya kike na kujipaka rangi. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba palikuwa na mtawala mdogo aliyewadhulumu wanawake wa eneo hilo. Gangamma akamsaka kwa siku kadhaa akijibadilisha sura, hadi akampata na kumuua. Ni hadithi ya wanyonge dhidi ya mtawala, inayosimuliwa na mji mzima kwa miili yao wenyewe. Filamu imeichukua sherehe ya mji mzima na kumvika mtu mmoja. Imefanya hivyo kwa ustadi mkubwa, nami nakiri nilisisimka. Lakini nilipotulia nilijiuliza wale wengine waliokuwa wakicheza pamoja wamekwenda wapi. Walikuwa nyuma ya picha, nje ya mwanga wa taa.

Sasa tuje kwenye usiku wa tarehe 4 Desemba 2024. Serikali za majimbo yote mawili ya Kitelugu, Andhra Pradesh na Telangana (iliyojitenga mwaka 2014), ziliruhusu maonyesho ya usiku kabla ya siku rasmi, na zikaruhusu tiketi ya onyesho hilo iongezwe rupia 800. Tuipime hesabu hiyo kwa kipimo kilicho karibu. Mwaka huohuo, ujira wa siku moja katika mpango wa taifa wa ajira za vijijini, kwa majimbo hayo mawili, ulikuwa rupia 300. Kwa maneno mengine, nyongeza peke yake, kabla ya bei yenyewe ya tiketi, ilizidi ujira wa siku mbili na nusu za jembe. Hiyo ilikuwa gharama ya kumwona kibarua akishinda, usiku mmoja kabla ya wengine.

Katika ukumbi wa Sandhya, eneo la RTC X Roads mjini Hyderabad, ambalo kwa miongo mingi limekuwa makao ya sinema ya Kitelugu, familia moja ilifika ikiwa na baba, mama na watoto wawili. Mtoto wa kiume alikuwa shabiki mkubwa wa Allu Arjun. Nyota mwenyewe akafika kuitazama filamu pamoja na watu wake. Umati ukasukumana kumfuata. Katika mkanyagano huo mama akafariki, na mtoto akaumia vibaya kiasi cha kulazwa hospitalini kwa miezi. Sitaji majina yao. Hawakuwahi kuomba kuwa watu wa umma.

Yaliyofuata yaliripotiwa kwa kina zaidi kuliko kifo chenyewe. Tarehe 13 Desemba Allu Arjun alikamatwa. Mahakama ya chini iliamuru awekwe rumande siku 14. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ya Telangana ikampa dhamana ya muda. Akalala usiku mmoja gerezani Chanchalguda na kutoka asubuhi. Mbele ya kamera nyota wenzake walimiminika nyumbani kwake kumpa pole. Tarehe 21 Desemba Waziri Kiongozi wa Telangana, A. Revanth Reddy, alisimama bungeni akamlaumu nyota huyo, akawashangaa waliokwenda kumpa pole mtu aliyelala gerezani usiku mmoja na kumsahau mtoto aliyelala hospitalini. Kesho yake waandamanaji waliivamia nyumba ya Allu Arjun. Polisi waliulaumu ukumbi na nyota, ukumbi ulijitetea, nyota alisema ilikuwa ajali na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mwigizaji, mwongozaji na watengenezaji walitangaza kuipatia familia rupia milioni 20. Mume wa marehemu, siku ya kukamatwa, alikuwa amesema yuko tayari kuifuta kesi.

Tuutafakari huo mpangilio. Kuna nyota, kuna Waziri Kiongozi, wanagombana mbele ya nchi nzima, kila mmoja na heshima yake. Ni filamu ileile, na safari hii ni Waziri Kiongozi aliyekataa kuonekana akimchekea mtu maarufu. Na kama ilivyo katika filamu, wale walioumia wako nyuma ya picha. Kwa majuma kadhaa wananchi walibishana kama nyota ameonewa au ameadhibiwa ipasavyo. Maswali mepesi kuliko hayo hayakupata wabishani wengi: ukumbi ule ulikuwa na milango mingapi ya kutokea? Nani alitakiwa kuhesabu watu waliokuwa ndani na nje? Kwa nini serikali iliyoidhinisha nyongeza ya rupia 800 haikudai kwamba sehemu yake ilipe walinzi wa kutosha?

Rai yangu ni hii. Ukatili wa kuogopwa katika *Pushpa 2* si ule unaoonekana. Watu wazima wanajua kwamba shoka la sinema ni la mbao na damu yake ni rangi. Unaonitia hofu ni mazoea tunayojengewa ya kuhesabu mtu mmoja tu. Tukizoea kwamba steringi hafi na wengine ni idadi, hatutashtuka tukisoma kwamba watu 20 wamekutwa wamelala kifudifudi msituni. Tutauliza walikuwa wa genge la nani. Hatutashtuka mama akikanyagwa mlangoni. Tutauliza filamu imeingiza kiasi gani. Wala siamini kwamba dawa yake ni kuifungia filamu. Rama Rao alishinda kwa sababu watu walikuwa na uchungu wa kweli, na Pushpa amependwa kwa sababu uchungu huo haujakwisha. Ukiufungia uchungu kwenye kabati, hautapungua.

Kinachowezekana ni kuudai uchungu huo urudishwe kwa wenyewe. Mashabiki wa Kitelugu wanajua kudai. Historia yao yote ni ya kudai. Wameandamana kwa sababu ya bango lililochanwa na kwa sababu ya jina la nyota lililotanguliwa na jingine. Vyama vyenye uwezo wa kukusanya damu ya kuchangia wagonjwa kwa maelfu ya wanachama haviwezi kushindwa kudai milango ya kutosha, hesabu ya watu ukumbini, na bei ambayo haimlazimishi kibarua kuuza siku zake tatu ili aone kibarua mwenzake akitajirika. Wakidai hivyo, watakuwa wamefanya jambo ambalo Pushpa hakulifanya katika saa zote zile: kuibadilisha nyumba badala ya kuomba kuingia.

Nasi huku, ambao filamu za Kusini zinatufikia zikiwa zimesimuliwa upya na madijei wetu, tuna zoezi jepesi la kufanya jioni moja. Mwombe dijei, au jiombe mwenyewe, uisimamishe filamu pale kwenye mapigano makubwa. Acha kumtazama anayepiga. Chagua mmoja wa wanaoanguka pembeni, yule wa shati la kahawia, ukamfuate. Jiulize ametoka kijiji gani, nani alimpa malipo ya awali, na nyumbani kwao nani anamsubiri arudi na basi la asubuhi.